Bibi Mwalimu na Lundo la Makombe

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Somoe ilifika miaka thelathini. Alipoolewa na Thabo, mpigania uhuru aliyekuwa uhamishoni Tanzania, akaletwa Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, Afrika Kusini, mama mkwe alimuuliza kwao wanafanya kazi gani. Somoe aliona haya kusema kwamba mama yake alichokoa chaza kwenye miamba ya Kilwa. "Mama ni mwalimu," akajibu. Binti yake Nomsa akakua na bibi huyo wa kutunga, akampenda, mwisho naye akasomea ualimu.

Mwezi wa tisa Nomsa akamtembeza mama pwani ya magharibi. Maji yalipokupwa walivuka kwa miguu hadi kisiwa kidogo chenye vilima vya makombe, mabaki ya milo ya wenyeji wa kale. Somoe hakutulia. Aliinama, akainuka, akazunguka tena. Nyuma ya jiko la kwao Kilwa palikuwa na lundo kama lile.

Mwongoza wageni alishika kijiwe, akaeleza kwamba chaza walipasuliwa kwa kugongwa katikati.

"Wapi!" Somoe akamaka. "Utatafuna makombe!" Akakichukua, akaonyesha: ukingoni, pigo moja, basi.

Nomsa akamkodolea macho. Nani alikufundisha, akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Ulimi wa Somoe ulikuwa tayari kuongopa tena. Akachoka nao. "Bibi yako. Hakuwa mwalimu, mwanangu. Hata kusoma hakujua. Alichokoa chaza, na lundo kama hili lilikuwa nyuma ya jiko letu."

Nomsa akamrudisha Johannesburg, akaenda zake. Wiki nzima hakupiga simu. Somoe alifagia ua mara tatu kwa siku, akaunguza uji, akamfokea Thabo bure. Aliogopa amempoteza mtoto, na kosa ni lake mwenyewe.

Jumamosi geti likagongwa. Alikuwa Nomsa, na mfuko wa chaza aliowanunua kwenye maduka ya kitajiri ya Sandton, bado wamefunga midomo.

"Eish, Mama. Nifundishe," akasema, kwa Kiswahili.

Wakapasua, wakapika, wakala, Thabo akilalamikia harufu huku akiongeza sahani. Somoe akakusanya makombe ayatie pipani. Nomsa akamshika mkono, akamnyang'anya sinia, akaenda kuyamwaga nyuma ya jiko, kando ya ukuta.

"Usitupe, Mama," alisema. "Haya ni ya bibi."