Nani Atakupikia Uji Huko Sydney?

Mjukuu wangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya tisini naikumbuka vizuri sana, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyoaibika mbele ya wanawake wote wa kituo cha kununulia majani chai, hapa kwetu karibu na Kaplong. Umeniuliza uende mji gani wa Australia, na mimi niliishia darasa la tatu. Lakini swali lako nilishakutana nalo. Kaa nikwambie.

Binti yangu Chepkoech, shangazi yako, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika vyuo viwili, kimoja Sydney, kimoja Perth. Alitakiwa arudishe fomu kabla ya miezi miwili kuisha, na akishachagua, amechagua. Mimi nilikuwa nimeshamchagulia. Sydney! Kiplang'at, kijana wa jirani yetu, alikuwa huko mwaka wa pili, na alikuwa ametuma picha amesimama mbele ya daraja kubwa la chuma, koti jeusi, meno yote nje. Nikaiazima kwa mama yake, nikazunguka nayo kana kwamba nimemzaa mimi. Perth nani aliijua? Alikuwa huko Chebet, mwalimu kutoka Kapsoit, naye alisema ni mji wa joto, umetulia, na maduka yanafungwa mapema.

Basi tuko kwenye foleni ya mizani, vikapu mgongoni, nikaanza. "Chepkoech anaenda Sydney. Perth waende watu waliochoka."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kando, akitoa majani makubwa kwenye chai yake ili karani asiikatae. Tulimwita Kogo, yaani nyanya, hata sisi watu wazima. Hakuinua kichwa.

"Wewe mke wa mwanangu, ulipotaka kuja kwetu uliuliza nini?"

"Niliuliza mambo mengi, Kogo."

"Uongo. Uliuliza kama nyumba ni ya mabati. Na mto, je?"

Nikajifanya nakaza kamba ya kikapu changu.

"Sasa hayo mabati uliyanywa?"

Wanawake walicheka mpaka karani akasimamisha kazi. Nilitamani kuingia ndani ya kikapu changu nijifunike majani. Maana ilikuwa kweli. Kabla sijaolewa, shangazi zangu walitumwa kuangalia boma hilo, kama ilivyo desturi yetu. Walirudi na habari nyingi, za majirani, za maji, za tabia ya mama mkwe, na mimi nikawakatiza: ni mabati au ni nyasi? Nikasikia mabati, nikafunga masikio. Kumbe mto uko chini kabisa ya mteremko! Mwaka wa kwanza nilipanda ule mlima na maji mgongoni nikilia. Nilipougua homa, Kogo huyo huyo ndiye aliyenipikia uji. Hilo nalo sikuuliza. Nilibahatika tu.

Kogo akaendelea na majani yake. "Hilo daraja ni mabati yako mengine. Hatuna shangazi wa kutuma Australia. Waandikie wale watoto walioko huko. Waulize nyumba, waulize Jumapili, waulize siku ya ugonjwa."

Chepkoech akaandika barua mbili, maswali yale yale matatu, kwa namba. Tukangoja mpaka nikadhani fomu itachelewa.

Jibu la Sydney lilitangulia. Kiplang'at alijaza kurasa mbili. Maji yako jikoni, ya moto na ya baridi. Treni ni nyingi, kazi ni nyingi, bahari iko karibu. Kodi inakula mshahara, kwa hiyo wanalala wanne chumba kimoja, na hao wanne hubadilika kila mara. Jumapili yuko kazini. Halafu namba tatu: Ulipougua, nani alikupikia uji? Alikuwa ameandika namba tatu, na mbele yake hakuna kitu. Chepkoech akageuza karatasi, akatafuta nyuma. Hakuna.

Chebet wa Perth aliandika ukurasa mmoja. Joto kali, nyasi zinakauka mpaka unalilia mvua ya Kericho. Mabasi ya Jumapili ni machache, lakini mama mmoja wa Bomet humpitia na gari waende kanisani. Kwenye namba tatu aliandika majina sita. Mmoja ni mzee Mzungu wa nyumba ya pili, aliyemletea supu isiyo na chumvi.

"Mama," Chepkoech akasema, "naenda Perth."

"Na wale wanawake nitawaambia nini?"

"Waambie safari hii tuliuliza mto, na maji yapo."

Kiburi changu kiliuma, sikufichi. Lakini nilirudisha ile picha kwa mama Kiplang'at, nikamweleza habari ya namba tatu. Akaketi chini. Hakuwa akijua. Chepkoech alipofika, alimpigia simu Kiplang'at kila Jumapili, mpaka kijana huyo alipopata watu wa kusali nao na nyumba ya kukaa na vijana wawili wa Fort Ternan. Leo ameoa huko huko Sydney, na ukimtajia Perth anakucheka. Mji haukuwa na kosa. Alikuwa peke yake, basi.

Sasa wewe unaniletea Melbourne na Brisbane. Wanasema Melbourne hali ya hewa inageuka mara tatu kwa siku. Mtoto wa Kericho hawezi kutishwa na mvua ya alasiri. Brisbane wanasema kuna jua. Sitakuchagulia, nilishakoma. Uliza walioishi huko, na uulize siku yao mbaya, siyo picha yao. Ukipata jibu tupu usikimbie, ila ujue kwamba huko utaanza wewe: mtafute aliyelala mgonjwa, umpikie kwanza.

Mungu akutangulie, mwanangu. Popote utakapoweka mkoba wako, apatikane wa kukuita kwa jina tulilokupa, na mlango wako uwe ule ambao wengine wanaugonga bila woga. Nenda na amani.