Kibaraza au Hema kwa Gari la Nakuja

Mume wa dada yangu simpendi. Nalisema mapema ili mtu asidhani nitamtetea. Tukikutana namwamkia kwa sababu amenizidi umri, naye anaitikia huku anaangalia pembeni, na heshima yetu inaishia hapo. Damu zetu haziendani tangu siku aliyokuja kuposa, akainuka kabla chai haijamiminwa na kusema, "Nakuja sasa hivi." Alirudi kesho yake. Mtaa mzima ukaanza kumwita Nakuja, na jina hilo likamkaa kuliko alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa dereva wa lori la mafuta. Kazi ya kuondoka, nakubali, na mtu halaumiwi kwa kazi yake. Lakini huyu hata akiwa likizo ana kiguu na njia. Atatoka kununua kiberiti, arudi jioni bila kiberiti, na mdomoni ana habari tele za watu ambao dada hawajui. Dada yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini. Mashuka, mapazia ya wodi, magauni ya wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake, kati ya mashine zinazonguruma hivi kwamba ukitoka nje masikio bado yanavuma. Muuguzi aliyeleta mashuka yenye damu bila kuyatenga aliambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwanamke huyohuyo alirudi nyumbani jioni, akapika chakula cha watu wawili, akala peke yake na kufunika sahani moja. Hospitali nzima inamwogopa, halafu kwa mumewe ni mtu wa kufunika sahani! Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera.

Walipostaafu wote wawili, Nakuja alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akampa seremala aweke kitanda, kabati na meza ya kukunja. Wazo lilikuwa watembee, walale kwenye viwanja vya kambi, mara msituni, mara kando ya ziwa, popote roho inapopenda. Dada alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. "Sasa popote anapokwenda na mimi nimo," aliniambia.

Safari ya kwanza walifika, wakashusha viti, ndoo na jiko la gesi. Dada alipoanza kukata vitunguu, Nakuja akakumbuka kwamba hawana barafu. Akawasha gari, nakuja sasa hivi, huyoo. Sasa gari lile ndilo nyumba. Likiondoka, kitanda kimeondoka, kivuli kimeondoka, na maji ya kunywa yamekwenda nalo. Dada akabaki uwanjani na viti viwili na vitunguu vyake, na mvua ikamkuta hapo. Safari iliyofuata sababu ikawa upepo wa tairi, na iliyofuata tena ikawa rafiki wa zamani anayekaa jirani na kambi. Nakuja ana marafiki wa zamani kila mahali penye barabara.

Ndipo wakaja kwangu. Mimi nashona turubai: vifuniko vya malori, vivuli vya maduka, mahema. Karakana yangu ni chumba kirefu chenye sakafu iliyolainika kwa kuburutwa turubai, na cherehani nzito iko mwisho kabisa, karibu na dirisha. Magari kama la Nakuja nayashonea vitu vya aina mbili. Kimoja nakiita kibaraza. Unaliingiza turubai kwenye reli iliyo juu ubavuni mwa gari, unalivuta mbele juu ya nguzo, unafunga kuta, na ukitoka kitandani unakanyaga sebuleni. Raha tupu, ila gari haliwezi kuondoka mpaka ufungue kila kitu, kuta, kamba, nguzo na vigingi. Cha pili ni hema la kawaida, linasimama peke yake pembeni, wala halijali gari limekwenda wapi.

"Hema," Nakuja alisema kabla hajaketi. "Shemeji, tushonee hema."

"Kibaraza," dada akasema.

"Kibaraza cha nini? Nikitaka kwenda dukani nibomoe nyumba?"

"Ndiyo. Ubomoe."

"Unasikia, shemeji? Dada yako anataka kunifunga kamba kama mbuzi."

"Mbuzi jioni anarudi mwenyewe," nikamwambia.

Akanitolea macho. "Nimekuuliza wewe? Wewe shona."

"Nitashona anachotaka anayelala humo."

"Gari ni langu!"

"Na kichwa kinacholowa ni changu," dada akasema.

Wakabishana mpaka mteja aliyekuja kuchukua kifuniko cha lori lake akakalia mzigo wake ili asikilize vizuri. Nakuja alisema upepo ukiwa mkali kibaraza kinang'oa reli, na ni kweli. Alisema wajukuu wakija watalala kwenye hema, na hilo nalo ni kweli. Alikuwa na hoja za kumwaga. Dada alikuwa na moja. "Nataka tukifika, tuwe tumefika," alisema, na sauti ikamkatikia katikati. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mbele ya dereva wa lori asiyemjua! Nikachukua kipimo nikatoka kwenda kupima gari. Nikamwambia Nakuja kwamba kibaraza ni zawadi yangu kwa dada, kwa hiyo anyamaze.

Nilikishona kwa chuki. Nilipiga mshono mara mbili kila pembe, nikatia kamba nene na vigingi virefu vya chuma, makusudi kabisa, maana kukifungua kibaraza kile kulitaka subira ambayo shemeji yangu hakuzaliwa nayo.

Yaliyotokea ziwani alinisimulia dada mwenyewe. Siku ya kwanza mumewe alikaa. Alikaa amenuna, mikono kifuani, macho barabarani. Dada alimpa chai, akasema hana kiu. Akamwashia redio, mumewe akaizima. Asubuhi yake dada alikuwa kibarazani anachuja chai aliposikia injini inawaka, akadhani anaipasha moto. Kisha akaona paa linatembea. Nakuja hakufungua hata kamba moja. Reli iling'oka na kipande cha bati, nguzo zikaanguka, moja ikampiga dada begani, na turubai likaburutwa kwenye changarawe mpaka likachanika na kubaki njiani. Dada alibaki ameketi kwenye kiti chake, chujio mkononi, hana paa wala ukuta, na watu wa kambi nzima wanamtazama.

Nakuja alirudi jioni. Aliuangalia uwanja, akaiangalia reli iliyopinda, akasema, "Si unaona? Nilisema upepo utaking'oa."

Dada alikuja karakanani peke yake, turubai lililochanika amelikunja vizuri kama shuka la hospitali. Nilipoona bega lake lilivyovimba nilivua aproni yangu. Nikamwambia naenda kumtia adabu mumewe sasa hivi.

"Na mgongo huo unaokuuma?" akaniuliza. "Keti."

Nikaketi. Nikamwambia basi nitamshonea kingine, chenye minyororo badala ya kamba, tuone.

"Nishonee hema," akasema.

Hapo hasira zangu zikamgeukia yeye. "Dada! Amekuangushia nyumba kichwani, na bado unampa anachotaka?"

"Siku ile aliyokaa nilimtazama, mdogo wangu, kutwa nzima. Hakubaki na mimi yule, alibaki na kamba zako. Nilikuwa mpweke kuliko siku ile ya mvua." Akafuta uso kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta jasho. "Sitaki tena kumfunga mtu."

"Basi acha safari zenyewe."

"Safari nazipenda. Ziwa nalipenda. Kwa nini niache mimi?" Akalisukuma lile turubai bovu upande wangu. "Nishonee hema jepesi, mtu mmoja aweze kulisimamisha. Lisizidi ninachoweza kubeba mwenyewe."

Nikashona, roho inaniuma. Aliyekuja kulichukua ni Nakuja, meno yote nje. "Shemeji, si nilisema tangu mwanzo? Hema ndio mpango." Nikamkabidhi mfuko, nikarudi kwenye cherehani, maana ningefungua mdomo tungegawana majengo ya serikali, yeye hospitali na mimi kituo cha polisi.

Jumapili moja jioni simu yangu ikaita. Ni yeye, mtu ambaye hajapata kunipigia.

"Shemeji, dada yako yuko huko?"

"Awe huku anafuata nini? Si mko ziwani?"

"Nimerudi, hayupo. Hema halipo. Viti havipo, hata ndoo haipo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo tu."

"Kidogo tangu lini?"

"Asubuhi," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kufoka ninayoijua. "Simu yake inaita, haipokelewi. Shemeji, kama kuna kitu kimempata, mimi nitafanya nini?"

Ilikuwa hofu kabisa, na mimi niliifurahia. Nikamwambia akae hapohapo asisogee. Nikampigia dada upesi, maana ziwa ni ziwa. Akapokea papo hapo.

"Uko wapi wewe?"

"Kambini. Upande huu wa vyoo, nyuma ya michongoma. Nimehama. Hema lako jepesi kweli, nimelibeba kwa safari moja."

"Mumeo anakaribia kulia."

"Namwona. Anazunguka gari. Anakaa, anasimama, anakaa. Sasa hivi amechungulia chini ya gari, sijui ananifikiria mimi paka."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

Nikamsikia anapuliza kikombe. Sikujua kama anacheka au vipi.

"Hajui kusubiri yule," akasema, polepole, bila kejeli yoyote. "Hajui hata pa kuanzia."

Nikamwambia basi inatosha, amwite, jua linazama.

"Nitamwita," dada alisema. "Chai bado ya moto." Akakata simu.