Kwangu Inafunguka

Tovuti ilikuwa inafunguka kwa mtu mmoja tu duniani. Na mtu huyo ni mume wangu.

Msicheke kwanza. Ngojeni.

Mume wangu anatunza seva, yaani kompyuta kuu, za hospitali moja kubwa. Mtaani wanamwita Fundi Seva, na jina analipenda, hata ukimwita la kwao anachelewa kuitika. Kazi anaijua, nisimnyime haki yake. Ila ana ugonjwa mmoja: kukosea ni kwa watu wengine.

Sasa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akalazwa hospitali hiyohiyo. Moyo. Daktari akasema upasuaji ni Ijumaa, lakini ndugu wachangie damu kwanza.

Utaratibu wenyewe: unaingia kwenye tovuti ya hospitali, unajiandikisha, unapangiwa saa. Na wikendi ile Fundi alikuwa ametoka kuihamisha tovuti kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Mama watoto, njoo uone kasi hii! Ukigusa tu, hiyo hapo."

Nikajiandikisha palepale, kwenye laptop yake. Ikakubali. Akatuma kiungo kwenye grupu la ukoo wetu ili na wengine wajiandikishe.

Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Kila akichungulia, aliyejiandikisha ni mimi peke yangu.

Binamu akaandika, "Shem, mbona haifunguki?"

"Kwangu inafunguka. Angalia data yako."

Shangazi akapiga simu. "Baba, inazunguka tu."

"Shangazi, zima simu uwashe tena."

Hata Sista wa chumba cha damu alimpigia ofisini. "Fundi, watu wanalalamika tovuti imekufa."

"Sista, ninayo mbele yangu hapa. Inapumua vizuri kuliko mimi na wewe."

Jumatano daktari akatuita. Damu haijatosha. Upasuaji huenda ukaahirishwa, na moyo wa yule binti haukuwa na muda wa kusubiri.

Fundi alitoka mle amewaka. Akaandika kwenye grupu, mbele ya wakubwa na wadogo:

"Ukoo mzima mmeshindwa kubofya mara moja? Kwenye harusi mnajaa mpaka viti vinakosekana. Na wewe shemeji mkubwa, wa kwanza kwenye sinia, leo uko wapi? Damu nzito kuliko maji, ila ya kwenu nadhani ni maji matupu."

Jamani!

Shemeji mkubwa ni kaka yangu, fundi magari. Ndiye aliyetulea baba alipofariki. Nilisoma ule ujumbe, sikumtetea kaka. Tena, Mungu anisamehe, moyoni nikasema: waambie.

Kaka hakujibu. Hakuna aliyejibu. Mimi nikajua wamekosa la kusema.

Alhamisi asubuhi nikafungua tovuti kwa simu yangu, nibadilishe saa niliyopangiwa.

"Tovuti hii haipatikani."

"Baba watoto, mbona haifunguki?"

"Data yako hiyo."

"Data gani, na natumia intaneti ileile unayotumia wewe?"

Nikaiweka simu kando ya laptop yake. Laptop inafungua. Simu, wapi!

Nikamwona jasho linamtoka. Akaiwasha upya seva. Akakagua ruhusa za mafaili, akakagua cheti cha usalama. Kila kitu kizima. Kisha mikono ikasimama. Akafungua faili moja dogo ndani ya laptop yake, akalitazama, akafunika uso.

"Nimekwisha."

Kumbe alipokuwa anaipima seva mpya, aliandika anwani ya seva hiyo ndani ya laptop yake tu, aione kabla ya watu. Baadaye alitakiwa aibadilishe anwani kule nje, kwenye orodha ya intaneti inayosomwa na dunia nzima. Akasahau. Halafu akaizima seva ya zamani. Ni sawa na mtu ahame nyumba, amwonyeshe mkewe tu njia mpya, kisha akae mlangoni analaani wageni kwamba hawaji.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa chai kupoa. Kabla ya adhuhuri simu yangu nayo ikafungua.

"Nyani haoni kundule," nikamwambia. Hakucheka. Nami nikakumbuka lile "waambie" langu, utani ukanikauka mdomoni.

Tukakimbilia hospitali. Sista wa chumba cha damu akatupokea kwa kicheko.

"Damu? Imeshatimia! Kaka yenu alikuja jana mwenyewe, tovuti ilipomgomea. Leo amerudi na gereji nzima."

Tukamkuta kaka kwenye benchi nje ya wodi, plasta ya jana bado mkononi. Fundi akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Shemeji... ule ujumbe wangu wa jana..."

"Niliusoma, shem. Nilikuwa nimelala, sindano iko mkononi, Sista akanishikia simu."

Fundi akakosa pa kuweka macho. "Sasa mbona hukunijibu?"

"Sista alishaniambia shida ni tovuti yako. Ningelisema kwenye grupu, watoto wako wangekucheka. Na wewe ndiye baba yao."

Mume wangu alilia pale kwenye korido, watu wanapita. Mimi sikuweza hata kumtazama kaka usoni. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Ijumaa mdogo wangu alipasuliwa, na sasa anakaa mwenyewe kitandani na kulalamikia uji. Fundi alitukana kwenye grupu, na msamaha akauomba kwenye grupu, mbele ya walewale.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona watu hawaji kwako, usianze na matusi. Toka nje kwanza, ujaribu mlango wako kama mgeni.