Tangi Lililogoma na Ng'ombe wa Mwenyewe

Wewe mwanangu unayesomea kompyuta pale Kabianga, ngoja kwanza, usibonyeze kitu. Kuna siku moja naikumbuka na mpaka leo hainipi raha.

Tangi la kupozea maziwa la kikundi chetu cha wafugaji liligoma. Tangi lenyewe lilikuwa zima. Ni programu ya kuliendesha iliyojifunga, na kampuni ya ng'ambo iliyoitengeneza ilikuwa imeacha kuihudumia. Akina mama, mamangu akiwa mmoja wao, wakawa wanamwaga maziwa mtaroni huku wakiniangalia mimi, fundi wao. Nilikosa pa kuweka uso! Rafiki yangu aliye ng'ambo akanitumia njia ya kuifungua. "Huku inaruhusiwa," akasema. Nikapanga niifungue, nifute jina la kampuni, niisambaze kwa vikundi vyote hadi kule kijiji cha Merigi.

Kogo, nyanya yangu, akanikatiza: "Mtu akikuachia ng'ombe wake umtunzie, halafu ahame, utafanya nini?"

"Nitamkamua, kogo. Akiugua nitamtibu."

"Na alama ya mwenyewe iliyo sikioni?"

"Hiyo siigusi."

"Na kumpatia jirani?"

Nikatikisa kichwa. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hubaki wa mwenyewe, hata mwenyewe huyo akikaa kimya miaka.

"Basi mtafute mwenye programu umuulize. Na uulize sheria ya hapa, si ya huko kwa rafiki yako."

Nikawaandikia wale wa kampuni. Wakajibu: rekebisheni la kwenu, msisambaze. Wakili mjini akasoma jibu hilo na sheria ya hapa, akasema tuko sawa. Nikaifungua programu, tangi likanguruma, mama akacheka.

Kisha senge, shangazi yangu, akaja kutoka Merigi. Tangi lao lilikuwa kama letu, nalo limegoma. "Hata mimi, damu yako, unaninyima?" Nilimnyima, lakini nikaketi naye tukaandika ombi lao kwa kampuni. Jibu likachelewa, senge akazidi kumwaga maziwa. Lilipofika, la kukubali, alikuwa ameshauza ng'ombe wake. Siku hizi ananipa mkono tu, bila neno.

Kwa hivyo, mwanangu, kampuni ikiacha kitu haijakupa wewe. Kitengeneze watu wapate kuishi, lakini jina la aliyekitengeneza usilifute, usigawe kisicho chako, na usitegemee sheria ya nchi ya wengine. Tena uliza mapema, mtambo ungali unafanya kazi, kabla shangazi hajaja kukungoja na ndoo. Mungu akubarikie mikono, na watu wa kwenu wakikusalimia, wakusalimie kwa mdomo pia.