Mkono Ulioitwa Mvivu

Saa mbili asubuhi, uani mwa nyumba ya makuti Kinondoni, Gaudens Rwezaula amekaa kwenye kigoda, kafungwa kanga machoni. Mkono wake wa kulia umezama kwenye ndoo ya mchele. Anapekua, anakunja uso, kisha anaibua kitu kidogo na kukisugua kwa vidole.

"Umeshika nini?" anauliza mkewe, Apolonia.

"Kifungo cha shati."

"Sicho. Rudisha, utafute tena."

Kitu chenyewe ni senti kumi, ile yenye tundu katikati. Gaudens, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anairudisha ndooni bila kunung'unika. Ni mara ya tisa tangu wanywe chai.

Kabla ya Machi mwaka jana, 1953, vidole hivyo havikuhitaji macho. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini. Kila herufi, iliyosubiwa kwa madini ya risasi, ina mkato mwembamba ubavuni. Mpangaji huupapasa ajue herufi imesimama sawa, huku macho yake yakisoma karatasi ya mwandishi.

Siku ile alikuwa katikati ya ukurasa. Mkono ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande, akaanguka. Kiharusi. Alilazwa wiki tano. Mguu ukarudi, maneno yakarudi, mkono nao ukaweza kushika na kuinua. Kilichopotea hakionekani kwa macho.

"Nilikaa karibu na jiko la makaa nikiongea na mke wangu," anasema. "Nikasikia harufu ya nyama. Kumbe ni mie ninayeungua."

Kovu limekula nusu ya kiganja. Daktari wa kiwanda aliliona, hakuuliza. Alimpa vidole vyake mwenyewe viwili, akamwambia avibane. Gaudens akavibana kwa nguvu zake zote. Dakika tano hazikutimia, daktari akaandika kwamba mkono ni mzima.

Akarudishwa kazini. Herufi zikamponyoka, nyingine akazipanga kichwa chini miguu juu. Msimamizi akamvumilia wiki mbili, kisha akamfukuza. Kwenye cheti chake cha kazi likaandikwa neno moja: mvivu. Kwa neno hilo kiinua mgongo chake kikapotea, na viwanda vitatu alivyokwenda kuomba kazi vilisoma cheti vikamwonyesha mlango.

Mwaka mmoja kabla yake, fundi wa mitambo wa kiwanda hicho hicho, Mzungu, alipatwa na maradhi hayo hayo. Alipandishwa meli kwenda kwao kutibiwa, na mshahara wa miezi sita juu.

"Yeye aliumwa," anasema Gaudens. "Mie nilikuwa mvivu."

Msimamizi alipoulizwa na gazeti hili alijibu bila kuinua kichwa: "Mkono unaobana namna ile hauumwi. Watu hawa wana hila."

Aliyemsaidia Gaudens hakuwa daktari. Ni jirani yake, Marselino, dresa, mfunga vidonda wa jeshi, aliyehudumu Burma wakati wa vita. Huko aliona askari waliokatika mishipa ya fahamu wakifundishwa upya kutambua vitu kwa kugusa.

"Siku ya kwanza alipekua ndoo asubuhi nzima, hakupata hata harage moja," anasema Marselino. "Akalia. Nikamwambia, kesho tena."

Ni miezi saba sasa. Apolonia, anayeuza mihogo ya kuchemsha kwa waashi, huchelewa kutoka kila asubuhi kwa ajili ya ndoo hiyo, yenye mchele ambao kuna siku walilala njaa wasiuguse. Gaudens anajua tena maji ya moto na ya baridi, harage na msumari, gunia na hariri. Herufi bado.

Jumatatu atakwenda kwa daktari yule, na Marselino awe shahidi.

"Nitamwomba anifunge macho, achukue sindano, anidunge kidole anachotaka, aniulize ni kipi," anasema. "Nikishindwa, aandike nimeshindwa. Afute neno lake, 'mzima', aandike kwamba niliumwa, na kiwanda nacho kifute 'mvivu'. Vidole nitaendelea kuvifundisha mwenyewe mpaka vijue herufi."

Na daktari akikataa kumwona?

Apolonia ndiye anayejibu, huku akimfungua kanga machoni.

"Tutakaa barazani kwake mpaka atoke," anasema. "Shati la kwenda nalo nimeshalifua."