Sauti Kutoka Chumba cha Nguo

Bibi alikuwa mpiga pasi, na mikononi mwake hakuna nguo iliyokosa mahubiri. Alikuwa akilamba kidole, anagusa pasi mpaka ilie chss, kisha anamwambia mjukuu wake aliyemkunjia mashuka, "Kunjo ni kama kinyongo, mama. Ukilala nalo, linazoea." Wajukuu wengine walikimbilia nje, huyu alibaki, maana aliipenda ile sauti ya Bibi ya kukwaruza kama ufagio.

Mchana mmoja, katikati ya shati, Bibi aliinua kichwa. "Abee!" aliitika, akitazama chumba cha nguo, ambamo hamkuwa na mtu. Akaendelea na kazi. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu.

"Bibi, nani anakuita?"

"Mwenye kuita. Hata yule mtoto wa hekaluni kwenye Biblia, Mungu alipomwita usiku, alidhani ni mzee aliyemlea."

Mjukuu alicheka, kisha akachungulia chumbani: nguo zilizotundikwa mle zilikuwa zikitikisika, na dirisha limefungwa. Ndipo akasikia jina lake, taratibu, kama linatamkwa na mtu aliyemjua tangu tumboni. Shuka likamponyoka.

Bibi hakugeuka. Pasi ilizidi kwenda na kurudi.

"Itika, mjukuu wangu," alisema. "Safari hii hakuniita mimi."