Jeshi la Nchi Isiyopigana

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, nikiwa na miaka hamsini na minne, ndipo taabu yangu ilipoanza. Taabu za kabla ya hapo sizihesabu. Zile zilikuwa njaa tu, na dawa ya njaa naijua: ni kazi. Nilisoma hadi darasa la tano, nikaja Nairobi kulala sakafuni kwa mjomba mtaani Kaloleni, nikafua bati Kariobangi mpaka nikawa na karakana yangu. Sikubebwa na mtu.

Kijana wangu wa pekee nilimpeleka jeshini mimi mwenyewe. Wenzangu pale karakana walinicheka.

"Mzee, huyo anaenda kupigana na nani?"

"Na nyasi," nikawajibu. "Watamkatisha nyasi za kambi mpaka astaafu."

Tulicheka wote, lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu. Majirani zetu wa kule juu, kaskazini, waliuana miaka nenda miaka rudi, na sisi kazi yetu ilikuwa kupokea wakimbizi wao na kuwakalisha wakubwa wao mezani hapa Nairobi wapatane. Hata sufuria nilizofua zilikuwa zikienda kwenye kambi za wakimbizi, lori zima. Nchi ya namna hiyo, askari wake hula mshahara, hupiga gwaride sikukuu, hurudi nyumbani na pensheni. Kazi salama kuliko hiyo haikuwepo, na hata leo nasema niliona sawasawa. Ni nchi iliyohama kutoka mahali nilipoiona.

Haikuhama siku moja. Kwanza watu walitekwa nyara huko pwani na karibu na mpaka wa majirani hao. Kijana akapiga simu.

"Baba, tumeletwa mpakani. Tunalinda tu."

Halafu tena: "Tumevuka kidogo, Baba. Tunawafukuza, tunarudi."

"Kidogo ni wapi?"

"Kidogo tu. Usimwambie Mama."

Krismasi ikapita, na nyingine. Nikimwuliza wanarudi lini, ananiambia sasa wamevalishwa kofia ya jeshi la pamoja la Afrika nzima, kwa hivyo vita si vyetu, sisi tunasaidia.

"Mwanangu," nikamwambia, "aliyesaidia kubeba jeneza mpaka kaburini si mpita njia tena."

"Ah, Mzee na maneno yako!" Akacheka. Kicheko chake huanzia puani, kama mtu anayezuia chafya. Nimekaa karakanani mara nyingi nikajaribu kukisikia, na nyundo za jirani zinakifunika.

Na vita navyo vikavuka kuja huku. Mabomu yakalipuka mjini. Mlangoni mwa kanisa letu, mzee wa kanisa tuliyeimba naye besi tangu ujana akawa anatupitishia kile kifaa kinacholia kikinusa chuma.

"Inua mikono, ndugu."

"Unatafuta nini, sadaka?"

"Inua tu, bwana, usinicheleweshee watu."

Kisha asubuhi moja kambi ya kijana, kule ng'ambo ya mpaka, ikavamiwa. Wenzake wengine walirudi kwa majeneza, wengine kwa miguu yao. Wetu hakurudi kwa njia yoyote. Afisa aliyekuja nyumbani alisema hajulikani aliko. Nikamwambia kwetu mtu asiyejulikana aliko hutafutwa. Akabaki akiigeuzageuza kofia yake mkononi.

Miaka ikaenda. Ndugu yangu mkubwa akasafiri kutoka nyumbani, magharibi, kuja kuniambia kwamba wakati umefika. Kwetu, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likaliliwa na kuzikwa mahali pake, ili apumzike.

"Unamnyima mtoto kwao," akasema.

"Nikishazika mgomba, siku akirudi ataingia nyumba gani? Aliye na kaburi hafunguliwi mlango."

"Acha kiburi cha mjini."

"Kiburi nilitoka nacho huko huko nyumbani, kaka. Hujui tulizaliwa na mama mmoja?"

Akamgeukia mke wangu, amwombe nguo za kijana. Mke wangu akamwambia, "Shemeji, ziko kwenye kamba. Hazijakauka." Ndugu yangu akanywa chai yake, akapanda basi la usiku. Hatujaongea tena jambo hilo.

Ni kweli zilikuwa kwenye kamba. Mke wangu huzifua kila Jumamosi, na mimi humwambia zitachakaa bure. Jioni nazianua mwenyewe, nikizileta puani kwanza. Zinanuka sabuni tu.

Leo nina karakana yenye mashine mbili za kukunja bati. Nina vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja na maji yake. Nina ekari mbili nyumbani na ng'ombe wawili, na sijachimba shimo lolote pale. Nina mke. Nina mtoto mmoja wa kiume.